Shangazi na Nyigu wa Mzee Darubini

Kituo cha televisheni kina watu wa kuonekana na watu wa kusikika, na kisha kuna wale wasioonekana wala kusikika, ila bila wao mambo hayaendi. Shangazi alikuwa wa kundi hilo la mwisho. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watazamaji. Kama umeudhiwa na taarifa ya habari, kama umependa tamthilia, kama umeona mtangazaji amefunga tai iliyopinda na jambo hilo limekukosesha raha, ulipiga namba iliyokuwa ikipita chini ya kioo, na aliyeitika alikuwa yeye. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyekula chumvi ya kutosha, kiasi kwamba watu wazima walijikuta wanamwamkia kwanza ndipo wanaanza kutukana. Jina la Shangazi alipewa na hao wapiga simu. Walinzi wa getini wakalidaka, mkuu wa vipindi naye akalizoea vikaoni, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki la kutumiwa na mumewe, tena akiwa amekasirika.

Kila Jumatatu asubuhi mkuu wa vipindi alimgeukia na kumwuliza, "Haya, Shangazi, watazamaji wanasemaje?" Naye alieleza kwa mdomo, hana karatasi, kila kitu kimo kichwani. Hapo ndipo ufundi wake ulipokuwa. Mtu akipiga akasema, "Mwambieni huyo dada wa hali ya hewa aache uongo, nguo zangu zote zimelowa kambani," Shangazi alifikisha hivi: "Kuna mtazamaji anaomba utabiri wa mvua uongezewe muda." Mwingine akisema fulani anasoma habari utadhani ana tonge mdomoni, kikaoni ilikuwa, "Wapo wanaopendekeza msomaji apumzike kidogo kati ya sentensi." Hakujiona kuwa anadanganya hata siku moja. Alilelewa kwamba neno la mtu halifikishwi na uchafu wake, kama ambavyo sufuria ya kuazima hairudishwi na masizi. Miaka ikapita, na wakubwa wakaamini kwamba wana watazamaji wapole kuliko kituo chochote.

Basi ukaja ule ugonjwa wa kuambukizana, na amri ya kukaa nyumbani ikaja nayo. Ofisi zikafungwa nusu, mipaka ikafungwa yote. Fundi mitambo wa kituo akiwa amefunika uso hadi chini ya macho alimletea Shangazi simu ya mezani nyumbani, akaiweka juu ya meza ndogo ya sebuleni, akavuta waya kupitia dirishani, akaondoka bila hata kunywa maji. Meza hiyo ilikuwa katikati ya sebule iliyojaa viti vya watu wengine, kwa sababu mume wa Shangazi alikuwa fundi viti, na karakana yake ilipofungwa alibeba kazi zote akaja nazo. Palikuwa na makochi yaliyovuliwa vitambaa, springi zimetokeza nje, na marobota ya sponji hadi kwenye mlango wa jikoni. Mzee huyo alifanya kazi na misumari midogo midomoni, kwa hiyo kwa saa nyingi za mchana alikuwa hawezi kusema, ila kusikia alisikia vizuri sana. Ndiyo ikawa mara ya kwanza, katika ndoa iliyokwisha kuzaa wajukuu, kwa yeye kumsikia mkewe akiwa kazini.

Sasa kituo hicho kilikuwa na kipindi cha wanyama kilichoitwa Wenye Mikia, kila Jumamosi jioni. Mtangazaji wake alikuwa mzee mmoja mwembamba ambaye nchi nzima ilimwita Mzee Darubini, kwa vile darubini haikumtoka shingoni hata akienda kwenye harusi. Alikuwa amekula vumbi la mbuga kwa miaka na miaka. Alionyesha simba wakiwinda, tembo wakizika wafu wao kwa matawi, viboko wakigombana, na alisimulia kwa sauti ya chini ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Amri zilipotoka, milango ya hifadhi ilifungwa na wapiga picha wakakatazwa kusafiri. Vipindi vingine vikaanza kurudia mambo ya zamani. Mzee Darubini akakataa. Aliomba aachiwe kamera moja nyumbani kwake, akaisimamisha uani, akaanza kutangaza vilivyokuwepo.

Na vilivyokuwepo ndiyo hivyo. Juma la kwanza alionyesha mjusi na kunguru wawili. Juma la pili ilikuwa konokono, ambaye kwa maelezo ya wapiga simu alitumia kipindi kizima kupanda ndoo na hakufika. Kisha mzee akagundua nyigu waliokuwa wakijenga kwa tope kwenye fremu ya dirisha lake, na hapo akapotea kabisa. Nyigu akienda kuchota tope, mzee anamsubiri. Akirudi, mzee anamkaribisha. Aliing'oa kamera akaishika mkononi, ikayumba, na Jumamosi moja watu walitazama kandambili zake kwa muda mrefu huku yeye akisimulia kwa uchungu mkubwa habari ya nyigu ambao hawaonekani.

Simu ya Shangazi haikupumzika. Mwanamke mwenye bucha alipiga akasema, "Shikamoo Shangazi. Mimi nakata nyama tangu asubuhi, nikikaa jioni nataka kumwona simba naye akihangaika. Huyo mdudu ananihusu nini?" Mama mmoja kijana alishukuru kwamba wanawe sasa wanalala mapema, maana mzee akianza tu, wote chali. Wapo waliosema kipindi ni kizuri, lakini walikuwa wachache na wengi wao walikuwa wagonjwa.

Aliyeongoza kwa ukali alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, ambaye gari lake lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yake tangu mipaka ifungwe. Huyo alipiga kila Jumamosi kabla hata wimbo wa mwisho haujaisha.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, ila nimechoka. Yule mzee anatuonyesha mjusi. Mjusi wa kwangu hapa ukutani ni mnene kuliko wa kwake, na mimi siwaiti majirani waje kumtazama. Halafu kipindi kinaitwa Wenye Mikia. Nyigu ana mkia gani? Mwambie akapumzike, akalee wajukuu."

"Nimekusikia, baba. Nitafikisha."

Jumatatu mkuu wa vipindi alipopiga, Shangazi alifikisha: "Watazamaji wanafuatilia kwa karibu sana, mpaka wanalinganisha na mijusi ya kwao. Ila wanaomba wenye mikia wasisahauliwe."

Nyuma yake mumewe alitema misumari yote mkononi ili apate kucheka vizuri.

Hayo ya mkuu wa vipindi yangekwisha yenyewe. Tatizo lilikuwa Jumapili. Jumapili mchana Mzee Darubini mwenyewe alipiga simu, na swali lake lilikuwa lilelile moja: "Shangazi, wanasemaje?" Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, na binti yake wa pekee alikuwa amekwama ng'ambo, hana ndege ya kumrudisha. Shangazi, Jumapili ile ya kwanza, alikuwa amejiandaa kumweleza ukweli ulioondolewa miiba kidogo. Lakini alisikia nyuma ya sauti ya mzee kimya cha nyumba isiyo na mtu, hakuna sahani inayogongana wala mlango unaofungwa, na moyo ukamlegea. Akasema, "Wamekupokea vizuri, Mzee. Wanasema kwa hali ilivyo, umejitahidi mno." Jumapili iliyofuata akaongeza kidogo. Iliyofuata akaongeza tena. Mpaka nyigu wanaanza kujenga chumba cha pili, Shangazi alikuwa amekwisha kumvika mzee wa watu kilemba cha ukoka kirefu cha kumfika mgongoni.

"Unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa," mumewe alimwambia siku hiyo, akiwa amelala chali chini ya kochi.

"Namfariji."

"Mimi ukiniambia nimepika vizuri huku chakula changu umekisukuma pembeni, nafarijika?"

"Wewe ukipika nakwambia ukweli kwa sababu nitaishi na wewe kesho. Yule anaishi na nani?"

Mumewe alirudisha misumari mdomoni.

Mambo yalikuja kuharibika kwa namna ambayo Shangazi hakuitegemea. Wadhamini wa kipindi walianza kunung'unika, na mkuu wa vipindi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamtafutia Mzee Darubini njia ya heshima: apumzike mpaka hali itulie, na kwa muda huo vionyeshwe vipindi vyake vya zamani, simba na kila kitu. Mzee akakataa katakata. Alisema, "Watazamaji wangu wako pamoja na mimi na nyigu wangu. Kama huamini, muulize Shangazi."

Mkuu akamwuliza Shangazi. Shangazi akauma maneno. Alipokuwa bado anayauma, mkuu akakata shauri lake. "Basi tuwasikie wenyewe," alisema. "Jumamosi hii simu zitaingia hewani moja kwa moja, wazungumze na mzee, nchi nzima isikie. Wakimtaka, abaki. Wakimkataa, kipindi kinafungwa, na safari hii hakifunguliwi tena. Wewe ndiye utakayeziunganisha."

Fundi mitambo alirudi na kisanduku chenye safu ya taa, moja kwa kila mpiga simu, na vitufe viwili. Ukibonyeza cha kijani, mpiga simu anaingia hewani. Ukibonyeza chekundu, anatoka. Shangazi alikitazama kisanduku hicho akakosa hamu ya kula. Mzee wa watu angesimama mbele ya kamera, amechana nywele, akingoja sifa alizoahidiwa kila Jumapili, na angekutana na dereva wa lori. Nchi nzima ingeuona uso wake unavyobadilika. Na angejua ni nani aliyempeleka hapo.

Mumewe, tumsifu kwa hilo, hakumwambia, "Si nilikwambia." Alikaa juu ya kochi ambalo lilikuwa bado mifupa mitupu, akawaza, kisha akaja na mpango. Angepiga yeye wa kwanza, ajifanye mkulima. Angepiga mdogo wake Shangazi, ajifanye muuguzi. Shemeji yao ana sauti mbili, angeweza kuwa watu wawili. "Nimefanya mazoezi," alisema, akasafisha koo. "Mzee Darubini, mimi ni mkulima, na tangu nianze kuangalia nyigu wako hata mavuno yamepanda."

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakutaka kusimama. Mumewe akamletea upande wa kitambaa cha kochi afute uso, kitambaa cha mteja.

"Nikiwaweka nyinyi, nitakuwa nimemdanganya mbele ya watu wote," alisema alipopata sauti. "Ya mwanzo nilimdanganya kwa huruma. Hii itakuwa kwa kuogopa."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitampigia."

Alipiga Ijumaa asubuhi, akiwa amefunga kanga vizuri kama mtu anayekwenda msibani. Mzee aliitika kwa furaha. Alikuwa tayari ameosha shati la kesho. Shangazi akapiga moyo konde, akamweleza kila kitu, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alifikisha maneno ya watu kama yalivyotoka. Alisema habari ya bucha. Alisema watoto wanalala chali. Alisema mjusi wa dereva ni mnene kuliko wake na kwamba dereva huyo anataka akalee wajukuu.

Mzee Darubini alimwacha amalize.

"Kwa hiyo zile za Jumapili ulikuwa unatunga."

"Nilikuwa natunga, Mzee. Nisamehe."

"Mimi nilikuwa nikiongea na dirisha nikidhani naongea na watu," alisema. "Nyumba hii nimeivumilia kwa sababu ya zile Jumapili. Kumbe nilikuwa peke yangu, na wewe ulijua."

Akakata simu. Shangazi alibaki na mkono wa simu sikioni. Hakuna mtazamaji aliyewahi kumwambia neno lililomchoma vile, na amesikia mengi.

Jumamosi jioni alikaa mezani saa ya kipindi, mumewe kando yake, nyundo imewekwa chini kwa heshima. Taa za simu zilikuwa zimewaka zote. Mkuu wa vipindi alikuwa kwenye laini nyingine akisikiliza. Shangazi angeweza kuanza na yule mama kijana, au na mgonjwa mmoja mpole wa kila wiki. Alimtafuta dereva wa lori, akambonyezea kijani.

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia.

"Shikamoo, Mzee," alisema dereva.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Dereva alikohoa. "Mzee, mimi ni dereva wa lori, nilitaka tu kusema... hongera. Kipindi kizuri. Hao nyigu wana bidii, kwa kweli. Sisi vijana tunajifunza."

Shangazi alimtazama mumewe. Mumewe alimtazama Shangazi. Yule mtu alikuwa na zaidi ya miaka hamsini na hakuwa na simile hata chembe, na sasa alikuwa laini kama sponji. Aliyefuata alikuwa mwenye bucha. Naye akaamkia, naye akasema Mungu amzidishie mzee umri. Akaja mwingine, akaja mwingine tena. Watu waliokuwa wakimtukana mzee kwenye sikio la Shangazi kila wiki, walipoambiwa marahaba na mzee mwenyewe, walishindwa. Kila mmoja alikuwa na Shangazi wake mdogo kooni, akimwondolea maneno miiba kabla hayajatoka.

"Safi sana," mkuu wa vipindi alinong'ona kwenye ile laini nyingine. "Mbona wanampenda? Endelea hivyohivyo."

Kipindi kilikuwa kimepona. Ilitosha kila mtu kunyamaza tu. Shangazi alikuwa tayari kunyamaza, tusimsingizie utakatifu. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, kumwingiza mpiga simu anayefuata. Ni Mzee Darubini aliyesema, kwa ile sauti yake ya chini, "Asanteni sana. Sasa naomba nirudishiwe yule wa kwanza."

Dereva akarudishwa.

"Mwanangu, wewe ulisema mjusi wa kwako ni mnene kuliko wangu."

Dereva alikohoa tena.

"Nani amekwambia?"

"Shangazi."

"Shangazi umeniuza," dereva alisema, nchi nzima ikimsikia. Kisha akashusha pumzi. "Nilisema, Mzee. Nisamehe."

"Sina hasira. Sema tena, niambie mimi. Heshima umeshanipa, sasa nipe maoni."

Dereva alichelewa kuanza, lakini alipoanza hakuwa yule wa shikamoo wala yule wa matusi. "Mzee, mimi nimezoea kuamka mji huu na kulala mji mwingine. Sasa lori limesimama mlangoni mpaka kuku wanataga chini yake. Wiki nzima nasubiri Jumamosi unipeleke mbali. Halafu unakuja kunionyesha dirisha. Dirisha ninalo, Mzee. Nimelitazama mpaka najua kila ufa. Ndiyo maana nilikasirika. Si kwa ajili ya mjusi."

Mumewe Shangazi, aliyekuwa akitazama kioo, alisema baadaye kwamba mzee alivua darubini shingoni na kuishika mkononi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

"Hata mimi hawa nyigu siwapendi kiasi hicho," alisema Mzee Darubini. "Ila wao wanatoka na kurudi. Nikiwaona wanarudi na tope, najua huko nje bado kuna mahali pa kwenda. Wewe umepita kwingi. Umewahi kuona nini barabarani?"

Basi dereva akasimulia. Alisimulia asubuhi moja foleni ya malori iliposimama kwa sababu twiga alikuwa amevuka barabara na mtoto wake akakataa kuvuka. Mama yuko upande ule, mtoto upande huu, katikati madereva wamezima injini, hakuna anayepiga honi, mpaka mtoto akaamua mwenyewe, akavuka kwa kukimbia miguu ikipishana, na madereva wakapiga makofi. Alisimulia vizuri kuliko alivyojua. Wakati anasimulia, kamera ilikuwa imeelekea dirishani, na nyigu waliendelea na ujenzi wao bila kujali twiga. Muda wa kipindi ukaisha akiwa bado njiani.

Simu baada ya hapo zilifurika. Mwenye bucha alipiga kufuta sifa zake na kudai simba upya. Mwingine alitaka kusimulia habari ya nyani aliyemwibia kofia. Mkuu wa vipindi, ambaye alikuwa na furaha na hasira kwa pamoja, alisema kipindi kitaendelea kwa namna hiyo, watu wasimulie na mzee aonyeshe alichonacho, mpaka mwisho wa mwezi, kisha wataona. Kwa Shangazi hakusema kitu zaidi ya, "Jumatatu uje na maneno yao, si ya kwako."

Lakini Shangazi hakuwa akiiwaza Jumatatu. Alikuwa akiiwaza Jumapili. Mchana ulifika, simu ikakaa kimya. Alipika, akapakua, akarudi mezani. Mumewe alimaliza kushona mto mzima wa kochi. Shangazi alijiambia kwamba mzee ana haki, kwamba mtu akivunja imani ya mwenzake asitegemee kupigiwa simu siku mbili baadaye, na alijiambia hivyo mara kadhaa bila kupata nafuu. Simu ilipolia alipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Shangazi," alisema Mzee Darubini. "Wanasemaje?"

Alikaa vizuri kitini. "Wanasema picha inayumba, Mzee, inawatia kizunguzungu. Wanasema jana ulivaa shati kinyume. Mwenye bucha anasema nyigu watolewe leo kabla ya kesho. Na dereva amepiga mara nne, hajamaliza habari za barabarani."

"Shati nililiona. Nilikuwa nimeshachelewa." Kisha akauliza, "Na wewe? Miaka yote hii sijakuuliza. Wewe mwenyewe unakionaje kipindi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Si mkuu wa vipindi, si watazamaji, hata mumewe hakuwahi. Shangazi alifungua mdomo, na jibu tamu la kawaida likaja mbio, limeshaoshwa, liko tayari. Akalizuia.

"Mzee, sijawahi kukiona," alisema. "Hata kimoja. Kinapoanza, na simu zinaanza. Kule kituoni nilikuwa chumba kingine, hapa nyumbani kioo kiko nyuma yangu. Simba wako wote nawajua kwa kusimuliwa."

Mzee Darubini alicheka, na kicheko hicho kiliendelea mpaka mumewe Shangazi akakisikia akiwa chini ya kochi. Kisha kiti kikavutwa huko kwa mzee, na sauti yake ikashuka, ikawa ile ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Basi kaa," alisema. "Hapa nilipo niko dirishani. Mmoja ameondoka sasa hivi. Yule mwenye kiuno chembamba zaidi. Amekwenda kwenye tope la bombani, tumsubiri."

Shangazi akamfanyia mumewe ishara anyamaze na nyundo. Akasubiri. Nyigu alichelewa. Mzee alieleza habari ya upepo, akaeleza habari ya tope, lipi linashika na lipi linapasuka, akarudia ya upepo. Nyigu akafika, akabandika tope lake, akaondoka tena, na mzee akasema tumsubiri. Shangazi aliegemeza kichwa kwenye mkono, simu sikioni, na hapakuwa na mtu wa kumpelekea neno hata moja kati ya hayo.

"Unaonaje?" mzee aliuliza.

"Unachosha kidogo, Mzee," alisema Shangazi. "Lakini endelea."